Chaneli za Televisheni Zisizolipiwa na Njia za Kuzipokea Tanzania Bara, 1994–2018: Historia ya Neno "Bure"

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya chaneli za televisheni zisizolipiwa Tanzania Bara tangu vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 hadi mgogoro wa visimbuzi wa Agosti 2018. Swali linaloiongoza ni hili: chaneli inapoitwa ya bure, ni ya bure kwa nani na kwa njia ipi? Hoja kuu ni kwamba mabadiliko kutoka analojia kwenda dijitali hayakuifuta haki ya kutazama bila malipo, bali yaliingiza kifaa kimoja chenye kazi mbili baina ya kituo na mtazamaji: kugeuza mawimbi na kufungua kilichofungwa. Mtazamaji wa chaneli za bure alihitaji kazi ya kwanza tu, lakini soko lilimuuzia zote mbili kwa pamoja. Migogoro iliyofuata, Tanzania na hata nchi jirani ya Kenya, inaeleweka vyema zaidi ikisomwa kama migogoro juu ya nani ashike mlango huo.

1.0 Utangulizi

Mtafiti alianza kulitafakari jambo hili nyumbani kwa shangazi yake, kijijini, mahali ambapo hakuna mnara wa televisheni ulio karibu. Shangazi alikuwa na dishi dogo juu ya bati na kisimbuzi cha kampuni ya chaneli za kulipia. Kila kifurushi kilipokwisha, filamu zilikwenda, mpira ulikwenda, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku nayo ilikwenda. Jioni moja aliuliza, bila hasira: "Mwanangu, hata habari nazo siku hizi wanaziuza?" Jibu la haraka lilikuwa hapana. Jibu la kweli lilihitaji kurudi nyuma zaidi ya miaka ishirini.

Istilahi tatu zinahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Kwanza, chaneli isiyolipiwa ni ile ambayo leseni ya mwenye kituo inamtaka aitoe kwa umma pasipo kumtoza mtazamaji ada, na mapato yake hutokana na matangazo ya biashara, udhamini au ruzuku ya serikali. Pili, msambazaji katika insha hii ni kampuni yenye leseni ya kupokea maudhui ya vituo mbalimbali, kuyafungasha katika masafa mamoja na kuyarusha kwa mfumo wa dijitali kupitia minara ya nchi kavu. Tatu, kisimbuzi, ambacho wengi hukiita king'amuzi, ni kifaa kinachopokea mawimbi hayo na kuyapeleka kwenye televisheni. Mipaka ya insha ni Tanzania Bara, kwa kuwa utangazaji wa Zanzibar husimamiwa na chombo chake chenyewe, Tume ya Utangazaji Zanzibar.

2.0 Bure ya Antena, 1994–2012

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila kituo chochote, kwa msimamo wa uongozi wa wakati huo kwamba televisheni ni anasa ambayo nchi maskini yenye mahitaji mengi haikuwa na sababu ya kuikimbilia. Redio ndiyo iliyobeba habari, elimu na hamasa ya taifa. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa sekta binafsi, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vikaanza jijini Dar es Salaam, vikiwamo CTN, DTV na ITV. Televisheni ya Taifa ilikuja baada ya vituo binafsi, mwishoni mwa muongo huo, na baadaye ikaunganishwa na Redio Tanzania katika chombo kimoja kinachojulikana leo kama TBC. Mpangilio huo wa kihistoria una uzito wake: Tanzania Bara, televisheni ya bure ilizaliwa kama biashara kabla ya kuwa huduma ya serikali.

Katika mfumo wa analojia, kila kituo kilikuwa na mtambo wake, mlingoti wake na masafa yake. Mtazamaji alikuwa na televisheni na antena. Baina ya wawili hao palikuwa na hewa tu. Wanaokumbuka miaka hiyo wanaikumbuka antena iliyofungwa juu ya mti mrefu au bomba la chuma, mtu mmoja nje akiizungusha taratibu na mwingine ndani akipaza sauti: "Hapo hapo, usiguse!" Picha ilikuwa na chenga, sauti ilikwaruza, lakini mawimbi yaliyofifia bado yalifaa. Huo ni upekee wa analojia: mawimbi yakipungua nguvu, picha huharibika kidogo kidogo, na mtazamaji mvumilivu huendelea kutazama.

Isidhaniwe kwamba bure hiyo haikuwa na gharama. Televisheni ilinunuliwa, umeme ulilipiwa au betri ya gari ilipelekwa kuchajiwa. Asiye na chombo alikwenda kwa jirani au akalipa kiingilio katika kibanda cha video. Pia bure hiyo ilikuwa ya mijini zaidi kuliko vijijini, kwa sababu mitambo ilifungwa palipo na watu wengi na wanunuzi wa matangazo. Walioishi mbali na mitambo, wakiwa na uwezo, walinunua madishi makubwa na kunasa vituo vilivyopandisha mawimbi yao kwenye satelaiti bila kuyafunga. Hata hivyo, mtu akishakuwa na chombo, hakuhitaji ruhusa ya yeyote. Hakuna kampuni iliyojua jina lake, wala iliyoweza kumkatia matangazo kwa kuwa mwezi umekwisha. Kwa hiyo, maana ya kwanza ya bure katika historia hii haihusu bei. Inahusu kutokuwapo kwa mtu wa tatu.

3.0 Kutoka Geneva hadi Dar es Salaam

Mtu wa tatu alikuja kwa sababu za kitaalamu zenye mantiki. Juni 2006, mkutano wa Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) uliofanyika Geneva ulikubaliana kuhusu mpango mpya wa masafa ya utangazaji wa dijitali kwa nchi za Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia. Tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa hayo. Nchi ambayo ingebaki na analojia baada ya hapo isingeweza kudai kinga dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka kwa majirani zake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilijiwekea lengo la mapema zaidi, yaani mwisho wa mwaka 2012.

Faida zilizotajwa zilikuwa za kweli. Katika analojia, nafasi moja ya masafa yenye upana wa megahezi 8 hubeba chaneli moja tu. Katika dijitali, kwa mbinu za kisasa za kubana picha, nafasi hiyohiyo hubeba chaneli zaidi ya kumi za ubora wa kawaida. Masafa yanayookolewa hupewa matumizi mengine, hususani intaneti ya simu za mkononi. Kwa taifa lenye simu nyingi kuliko televisheni, hiyo haikuwa hoja ndogo.

Tanzania ilichagua kutenganisha kazi ambazo zamani zilifanywa na mtu mmoja. Mfumo wa leseni uliosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, uliwafanya wenye vituo kuwa watoaji wa maudhui, na kazi ya kurusha mawimbi ya dijitali wakakabidhiwa wasambazaji watatu: Star Media (Tanzania), ubia wa kampuni ya Kichina ya StarTimes na TBC, Agape Associates, iliyojulikana kwa watazamaji kwa jina la Ting, na Basic Transmissions, iliyotumia jina la Digitek. Kituo ambacho jana kilikuwa na mlingoti wake sasa kilipaswa kubebwa na mwingine, na kumlipa kwa kazi hiyo.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani Afrika kuchukua hatua hiyo, na ya kwanza kuitekeleza katika lengo la Afrika Mashariki. Miji mingine iliyokuwa na mitambo ya dijitali, ikiwamo Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya, ilifuata kwa awamu katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2013. Hatua hiyo ilisifiwa katika mikutano ya kimataifa. Nyumbani mapokezi yalikuwa tofauti: wamiliki wa vituo walilalamika hadharani kwamba watazamaji wao wametoweka kwa kukosa ving'amuzi, na watangazaji wa biashara hawalipii macho yasiyokuwapo. Lalamiko hilo linathibitisha jambo ambalo takwimu za minara hazilionyeshi. Chaneli ya bure isiyopokewa inaendelea kuitwa ya bure katika leseni, lakini haipo sebuleni.

4.0 Kifaa Kimoja, Kazi Mbili

Lugha yenyewe inasaidia kuliona tatizo. Jina la kwanza kuenea mitaani lilikuwa king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua au kuelewa jambo lisilo dhahiri. Jina lililoshika nafasi baadaye katika matamko rasmi ni kisimbuzi, kutokana na simbua, yaani kufumbua msimbo. Majina haya hutumiwa kama visawe, lakini kila moja linashika upande mmoja wa kazi ya kifaa. King'amuzi hukitambua kilicho wazi ambacho televisheni ya zamani haikielewi. Kisimbuzi hukifungua kilichofungwa kwa makusudi.

Kwa chaneli isiyolipiwa, kazi ya kwanza inatosha. Mawimbi yakiwa hayakufungwa, kifaa chochote cha kiwango kinachotakiwa, au televisheni yenye kipokezi cha dijitali ndani yake, huyapokea bila kadi wala namba ya mteja. Kwa chaneli ya kulipia, kazi ya pili ndiyo biashara yenyewe: mawimbi hufungwa, na ufunguo hutolewa kwa aliyelipa na kuzuiwa kwa asiyelipa. Kiufundi kazi hizi zinatenganishika. Kibiashara hazikutenganishwa, kwa sababu inayoeleweka. Kampuni inayouza vifurushi iko tayari kuuza kifaa kwa bei nafuu, hata kwa hasara, ikitegemea kurudisha fedha yake katika malipo ya kila mwezi. Muuzaji wa kifaa cha chaneli za bure pekee hana mwezi wa kutegemea. Faida yake yote imo katika bei ya siku ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba njia rahisi zaidi ya kuzifikia chaneli za bure ilipita katika duka la chaneli za kulipia.

Hapo ndipo uhusiano wa zamani ulipobadilika. Mtazamaji alipata namba ya mteja, tarehe ya kumalizika kwa kifurushi na ujumbe wa kukumbushwa kulipa. Masharti yaliwataka wasambazaji wa nchi kavu waziache chaneli za bure ziendelee kuonekana hata baada ya kifurushi kwisha. Lakini utekelezaji wa sharti hilo ulikuwa ndani ya mtambo wa kampuni, si mikononi mwa mtazamaji. Aliyeona kioo cheusi hakuweza kujua kama mawimbi ni hafifu, kisimbuzi kimeharibika, au amefungiwa.

Tofauti ya kitabia ya mawimbi iliongeza mkanganyiko huo. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua chini ya kiwango, picha huganda, hukatikakatika, kisha hupotea kabisa. Mtaa uliokuwa ukitazama analojia kwa picha mbovu unaweza kukosa kila kitu katika dijitali, ingawa mnara uko palepale. Ushauri wa mafundi, kwamba antena ya nje iliyoinuliwa na kuelekezwa kwenye mnara hufanya kazi vizuri kuliko ile fupi ya ndani, haukuwa na fundi wa kuufikisha katika kila nyumba.

5.0 Agosti 2018: Bure Kupitia Satelaiti

Minara ya nchi kavu ilifuata miji. Satelaiti haijali milima wala umbali. Mwale mmoja hufunika nchi nzima. Kwa sababu hiyo kaya nyingi zilizo nje ya minara, na nyingi zilizo ndani pia, zilinunua madishi ya kampuni za chaneli za kulipia kama Azam, DStv na Zuku, ambazo nazo ziliweka chaneli za nyumbani katika orodha zao. Kwa mtazamaji mpango huo ulikuwa mwepesi: dishi moja, kisimbuzi kimoja, na ndani yake ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds TV pamoja na chaneli za kigeni.

Kisheria, mpango huo ulikuwa na kasoro. Leseni za kampuni hizo zilikuwa za maudhui ya kulipia. Chaneli iliyopaswa kuwa ya bure ilikuwa imewekwa nyuma ya ufunguo, na kifurushi kilipokwisha nayo ilifungwa. Mtazamaji alikuwa akilipia, kwa namna isiyo ya moja kwa moja, kitu ambacho leseni ya kituo inakataza kulipiwa. Mwezi Agosti 2018 TCRA ilizitaka kampuni za satelaiti kuondoa chaneli hizo katika visimbuzi vyao, na wananchi wakaelekezwa kuzipata kwa wasambazaji wa nchi kavu, ambao leseni zao ziliwapa wajibu wa kuzibeba bila malipo.

Uamuzi huu unastahili kusomwa kwa haki. Mdhibiti hakubuni kosa. Kosa lilikuwapo, na lilimgusa mlaji moja kwa moja. Malalamiko kama ya shangazi wa mtafiti ndiyo hasa yaliyokuwa msingi wake. Hata hivyo, mantiki ya tiba inahitaji kuchunguzwa. Kosa lilikuwa na sehemu mbili: chaneli ya bure kuwamo katika kisimbuzi cha kulipia, na chaneli hiyo kufungwa malipo yanapokwisha. Sehemu ya kwanza peke yake haimdhuru mtazamaji, humrahisishia. Sehemu ya pili ndiyo inayomdhuru. Amri ya 2018 iliondoa ya kwanza ili kuifikia ya pili. Malipo haramu yalikoma kwa kukoma kwa matangazo yenyewe.

Athari haikugawanyika sawa. Mkazi wa mjini aliye chini ya mnara alitakiwa kununua kisimbuzi cha pili. Ni usumbufu na gharama, lakini njia ipo. Mkazi wa mahali pasipo na mnara hakuwa na kisimbuzi cha pili cha kununua. Kwake, chaneli ya bure ilirudi kuwa ilivyokuwa kabla ya satelaiti: kitu cha mjini. Vituo navyo vilipoteza watazamaji na hivyo thamani ya muda wao wa matangazo, kwa mara ya pili ndani ya miaka sita.

6.0 Kioo cha Kenya

Ulinganisho na Kenya unasaidia kupima hoja hii, kwa kuwa nchi hizi mbili zilitoka katika makubaliano yaleyale ya Geneva na lengo lilelile la kikanda. Kenya nayo ilitenganisha kituo na msambazaji, na leseni za kusambaza zikaenda kwa Signet, kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la serikali KBC, na kwa kampuni ya Kichina ya PANG. Kampuni tatu kubwa za habari, Royal Media, Nation Media na Standard, zilikataa kubebwa. Zilikwenda mahakamani zikidai leseni yao wenyewe, na zikadai pia kwamba vipindi vyao visiwekwe katika visimbuzi vya kulipia pasipo idhini yao.

Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua shauri hilo Septemba 2014. Iliona kwamba kanuni inayowataka wasambazaji kubeba chaneli za bure haikuvunja hakimiliki za vituo, lakini ilitaka pia suala la leseni kwa kampuni hizo tatu lishughulikiwe. Mvutano uliendelea hadi Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Ziliporudi mwanzoni mwa Machi, zilirudi kupitia msambazaji wao wenyewe.

Kwa juu juu, kesi hizi zinapingana: Kenya vituo vilikataa kuwamo katika visimbuzi vya kulipia, Tanzania vituo viliumia vilipoondolewa humo. Kwa undani, ni swali moja. Katika nchi zote mbili kituo kilikuwa kimepoteza njia ya moja kwa moja ya kumfikia mtazamaji, na kila upande ulitambua kwamba anayeshika kisimbuzi ndiye anayeshika hadhira. Kampuni za Kenya zilikuwa na mtaji wa kujenga mlango wao. Vituo vya Tanzania vilitegemea milango ya wengine, hivyo hatima yao iliamuliwa katika leseni za wengine. Katika kesi zote mbili, mtazamaji hakuwa mdaawa, lakini kioo kilichozimika kilikuwa chake.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba neno bure limebeba maana tatu tofauti katika kipindi kinachochunguzwa. Katika analojia lilimaanisha kutohitaji ruhusa. Katika mwanzo wa dijitali lilimaanisha kutotozwa ada, ingawa ruhusa sasa ilipitia kifaa cha mwingine. Mwaka 2018 lilimaanisha hali ya kileseni, ambayo ingeweza kulindwa hata pale ambapo hakuna anayetazama. Mjadala wa umma ulikwama mara nyingi kwa sababu pande zilitumia neno moja kwa maana hizi tofauti.

Kutokana na uchambuzi huo, mambo mawili yanapendekezwa kwa watunga sera. La kwanza ni kuzitenganisha kazi mbili za kisimbuzi: kuhimiza televisheni zenye kipokezi ndani na visimbuzi vya chaneli za bure pekee, na kuhakikisha kwamba mawimbi ya chaneli hizo hayafungwi mahali popote yanapopita. La pili ni kulenga kosa lenyewe: pale chaneli ya bure inapobebwa na kampuni ya kulipia, kwa mnara au kwa satelaiti, sharti liwe kwamba isizimike malipo yanapokwisha. Sharti hilo linaweza kupimwa katika nyumba yoyote, na mtu yeyote, bila kusoma leseni.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Maneno "wakati wote" hayakuandikwa kwa kufikiria visimbuzi, lakini yanavihusu. Swali la shangazi, kama habari nazo siku hizi zinauzwa, lina jibu sahihi la kisheria, nalo ni hapana. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwa nini, pamoja na usahihi wake, jibu hilo halikumrudishia taarifa ya habari.